Paa la Kukinga Mvua

Niliporudi kutoka Mtawanya nilikuta nyumba imekuwa nyeusi. Boti ilipokata kona ya mwisho ya mto nilinyanyua shingo kutafuta bati letu lenye kutu, maana ndilo nililozoea kuliangalia nijue nimefika. Sikuliona. Niliona paa linameta kama mgongo wa kiboko aliyetoka majini.

Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala. Nahodha akanitazama nilivyotoa macho, akacheka.

"Shemeji, nyumba yenu imevaa mpira. Mvua haiwapi mimba tena!"

Abiria wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa sababu sikujua.

Mimi si mzaliwa wa delta. Kwetu ni Mtawanya, nchi ya mikorosho na mihogo, na maji tunachota kisimani. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani nikisubiri mambo ambayo hayakuja, nikaolewa Maparoni. Watu walidhani nitafundishwa kwanza kupara samaki au kutembea kwenye tope la mikoko bila kuacha ndara. Mama mkwe alinifundisha kwanza kukinga.

Huku kisima kipo, lakini maji yake yana chumvi. Ukifulia, sabuni haitoi povu. Ukichemshia chai unakunywa mchuzi. Maji ya kunywa yanatoka juu: yanashuka kwenye bati, yanaingia kwenye gata, gata inayapeleka kwenye tangi la saruji alilojenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Mvua ya kwanza unaiacha ipite, ioshe kinyesi cha kunguru na vumbi na chumvi inayoletwa na upepo. Inayofuata unatoka nje, unakinga kiganja, unaonja. Yakiwa matamu unageuza gata iangalie tangi. Mama mkwe akisikia tone la kwanza tu, hata kama yuko katikati ya kula, utamsikia:

"Kinga, mwanangu! Kinga! Mungu hateremshi mara mbili!"

Tunakinga masika yote, na kiangazi tunakunywa tulichokinga. Kwa hiyo paa la huku ni kisima kilichopinduliwa. Mtu yeyote wa delta analijua hilo hata usingizini, na ndiyo maana hakuna anayekumbuka kulisema.

Lilikuwa linavuja, sikatai. Upepo wa chumvi unakula bati kama mchwa anavyokula mti. Misumari ilikuwa imelegea, na palipokuwa na msumari pamebaki tundu. Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe. Tangu baba mkwe afariki yule mama alikuwa analala amekunja miguu, beseni limekaa upande wa miguuni, na mvua ikikolea anaamka kulimwaga. Nilimwonea huruma. Naliandika hili mapema ili mtu asije akasema mkwe huyu ana roho mbaya.

Mama yangu mzazi alivunjika mkono, nikaenda kumuuguza, nikamchukua mwanangu. Nikiwa huko ndipo mume wangu alipokwenda Kibiti kuuza kamba wabichi, akakutana na fundi. Aliponisimulia, nilipokuwa bado sijafungua hata mzigo, macho yalikuwa yanamng'aa kama mtoto aliyeona sarakasi.

"Mama watoto, yule fundi ana karai limetoboka, matundu unaingiza kidole. Kalipaka ile dawa, kaliacha likauke, kalijaza maji, kalitundika dukani. Halidondoshi tone! Nimekaa pale nalitazama mpaka chai yangu ikapoa."

"Dawa gani?"

"Mpira. Mpira wa kupaka. Unapakwa kama rangi, ukikauka unakuwa mpira mtupu. Guesti zote za mjini wanapaka."

Dawa ilikuja na fundi mwenyewe, imemiminwa kwenye madumu ya mafuta ya kula. Hayakuwa na karatasi, hayakuwa na jina, kwa hiyo hata mimi niliyesoma ningekuwepo nisingekuwa na cha kusoma. Nasema hivyo kwa sababu mume wangu ana tabia ya kusema, "Ungekuwepo wewe..." Ningekuwepo ningefanya nini? Ningepika chakula cha fundi.

Na fundi alifanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angelipua kazi, dawa ingebanduka yenyewe na mimi nisingekuwa na kisa cha kuandika. Alipanda akakwangua kutu yote kwa brashi ya waya. Akaziba kila tundu la msumari kwa kitambaa cha wavu na dawa juu yake. Akapaka bati zima, akaliacha jua lilipige, akarudia. Akashuka akaipaka gata pia, ndani na nje, kwa sababu nayo ilikuwa na kutu na yeye si mtu wa kuacha kazi nusu. Hakugusa choo tu. Alisema choo bati lake bado jipya.

Na kweli lilikuwa jipya. Mabati mapya kuliko yote hapo nyumbani yalikuwa ya choo. Bwana afya alipita akataka kila nyumba iwe na choo cha kueleweka chenye paa, vinginevyo atatuandika, basi mume wangu akanunua mabati mawili yanayong'aa akayapigilia juu ya shimo. Sisi tunalala chini ya kutu, kinyesi kinalala chini ya bati jipya. Nilikuwa nalifanyia mzaha jambo hilo. Nikisema naenda chooni, nasema naenda hotelini.

Mvua ya kwanza ya masika ilikuja mchana, nzito. Mama mkwe akaingia chumbani kwake akakaa kitandani akitazama juu. Akangoja. Akatoka na beseni lake kavu, akasimama mlangoni, akapiga vigelegele peke yake. Kisha akaniita.

"Njoo uone! Njoo ukae kitandani kwangu! Tangu mwenyewe afe, miye leo nimenyoosha miguu!"

Nilikaa kitandani kwake. Hakukuwa na tone. Nilifurahi, wallahi nilifurahi.

Ile mvua tuliiacha ikaosha paa kama kawaida. Iliyofuata mama mkwe akaita, "Kinga!" Nikatoka, nikakinga kiganja, nikaonja.

"Mama, yananuka."

"Yananuka nini?"

"Kama barabara inayowekwa lami."

Akaonja naye. Akamung'unya, akameza. "Hiyo ni harufu ya upya. Hata kanga mpya inanuka dukani. Geuza gata."

Niligeuza gata. Mimi ni mkwe, nyumba ni yake, na mvua haisubiri watu wabishane. Tangi likaanza kujaa. Kulikuwa na maji kidogo ya zamani chini, nayo yakachanganyika. Mvua zilizofuata zikaja juu ya hizo. Maji yakawa na rangi ya chai iliyopauka, na ukiyaacha kwenye sufuria juu yake panatanda kitu chembamba chenye rangi za upinde wa mvua, kizuri ajabu. Mwanangu alikuwa anakipenda. Alikuwa anaingiza kidole kukivunja.

"Chemsha," mama mkwe alisema. Nikachemsha. Harufu ikapanda, jiko zima likawa kama gereji.

Mwanangu nilikuwa nimemwachisha ziwa si muda mrefu. Ndiyo kwanza ameanza kutembea, anakwenda kama mlevi, anacheka kila akianguka. Uji wake ulikuwa wa maji yale, na kikombe chake cha plastiki chenye sikio moja kilikuwa cha maji yale. Akaanza kutapika. Kisha tumbo. Nikabadilisha uji, nikaacha maziwa, nikaacha samaki. Mama mkwe akasema ni meno. Halafu akasema ni ziwa, nimemwachisha mapema kwa sababu wasichana wa shule tunaogopa kuharibika matiti. Alilisema hilo mbele ya jirani, na jirani akaguna "Mmh," mguno ule wa kukubali bila kushiriki.

Mtoto akawa hachekeshwi na kuanguka. Akawa hatembei, anakaa. Macho yakaingia ndani. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye zahanati, na kwa akili zangu nikachukua maji yetu kwenye chupa, niwe namnywesha njiani.

Nesi alimbana ngozi ya tumbo akaangalia inavyorudi. Akanitazama vibaya.

"Anakunywa maji gani huyu?"

"Ya mvua, dada. Haya hapa."

Akafungua chupa, akaipeleka puani, akaifunga haraka akaisukuma kwangu.

"Mmeyahifadhi kwenye dumu la dizeli?"

"Hapana. Yametoka kwenye bati."

"Bati gani linatoa maji haya?"

Nikamweleza. Yule nesi ni wa huku huku, kazaliwa mkondo wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti chake, akasema taratibu, "Yaani mmepaka lami kwenye kisima chenu." Kisha akasema, "Haya hata kuku usimpe."

Akanipa pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini. Nichanganye na maji safi yaliyochemshwa.

"Dada," nikamuuliza, "maji safi gani?"

Akafungua begi lake mwenyewe akanipa chupa yake, ya kunywa siku nzima kazini. Sitamsahau mpaka nife. Alisema hawezi kuapa kwamba ni dawa ya bati, hana kipimo. Mimi nami siapi. Najua hiki tu: mtoto alipoacha maji yale aliacha kutapika.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mume wangu alikuwa ukumbini anashona wavu, mama mkwe anapeta mchele. Sikuvua hata ndara.

"Mpigie fundi."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Mpigie fundi. Weka lauspika."

Akapiga. Fundi alipokea kwa furaha kabisa, nyuma yake pikipiki zinalia.

"Kaka wa delta! Niambie. Inavuja?"

"Haivuji, fundi. Ila maji yake yanamtapisha mtoto."

"Maji gani tena?"

"Ya kunywa."

"Maji ya kunywa yamefikaje juu ya bati, kaka?"

"Si ya mvua! Tunakinga!"

"Ndiyo, mnakinga. Nimewakingia. Si umesema haivuji?"

"Fundi, hunielewi. Paa ndilo tunakingia."

"Kaka, mimi nilikuuliza dukani, mashahidi wapo: paa la kukinga mvua tu, au kuna watu watatembea juu? Ukasema la kukinga mvua."

"Si ndiyo la kukinga mvua! Tunakinga, tunakunywa!"

"Kukinga ni kuzuia, kaka."

"Kukinga ni kuteka!"

"Ukisema jikinge na mvua, ndiyo nikaiteke?"

Mama mkwe akaacha kupeta. "Kukinga ni kukinga," akasema, kama hakimu anayefunga kesi.

Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nikaelewa. Wote wawili walikuwa sahihi. Kibiti mtu akisema kukinga mvua anataka isimfikie. Sisi tukisema kukinga mvua tunataka tone lisipotee. Neno ni moja. Walikaa dukani wakatazama karai, wakaambiana neno moja, wakapeana mikono, na kila mmoja alikuwa anasema kinyume cha mwenzake. Shuleni nilifundishwa maneno ya aina hiyo, nikayatolea mifano ya kaa na paa, nikapata alama. Hakuna aliyeniambia yanaweza kumlaza mtoto.

Nikamnyang'anya mume wangu simu.

"Fundi, shikamoo. Kwenu Kibiti mnakunywa nini?"

"Marahaba, dada. Bomba. Au kisima."

"Basi bomba letu ndilo ulilolipaka."

"Dada, mimi napaka misingi ya nyumba, napaka mapaa ya zege, napaka mabafu. Sijapata kuona mtu analamba paa!"

"Sasa umeona. Inatokaje?"

"Haitoki, dada. Ikishashika imeshika. Uzuri wake ndio huo."

"Nikiikwangua?"

"Utakwangua na bati. Ile kutu niliitoa yote, chini pamebaki kama karatasi. Saa hizi dawa ndiyo inayoshikilia bati, si bati linaloshikilia dawa. Subirini masika mbili tatu, harufu itaisha."

"Mtoto asubiri masika mbili bila kunywa?"

Akasema mtandao unakatakata, na haukuwa unakatakata, kwa sababu nilizisikia pikipiki vizuri sana.

Nilichokitaka nilikisema hapo hapo, mbele yao. Mabati ya juu ya ukumbi yashushwe, mabaya na mazuri, yapigiliwe mapya, gata itupwe, tangi limwagwe na kusuguliwa, tukinge upya kabla masika haijaisha. Hata upande mmoja tu wa paa. Masika ikiisha na tangi lina lami, kiangazi mwanangu atakunywa nini? Kwa jirani unaomba kikombe, huombi kiangazi kizima.

"Hilo paa haligusi mtu," mama mkwe alisema.

"Mama, mtoto amekauka. Nesi kasema..."

"Nesi hajalala na beseni miguuni. Miye nimelala nalo. Yule mwenye nyumba alikufa nikiwa nakinga matone yasimwangukie usoni, weye hukuwepo. Leo nimelala mkavu, mnataka kunifunua?"

"Nani kasema tufunue kwako? Nasema ukumbini."

"Ukianza kubandua huku, kule kutabaki? Miye naliona bati lile. Na maji nimeyanywa tangu siku ya kwanza, mbona sijafa?"

"Kwa hiyo tungoje mpaka afe mtu?"

Mume wangu akasema neno lake analolipenda kuliko yote. "Mama watoto, tulia."

Nawaambia wanaume wote watakaosoma hapa: mwanamke akiwa na mtoto anayetapika, hilo neno lirudisheni tumboni. Nitulie vipi? Alikuwa amekaa kati ya mama yake na mimi, wavu umemfunika mapajani, anatafuta tundu la kushona. Hakumwambia mama yake kitu. Picha ya paa jeusi ilikuwa bado ipo kwenye simu yake, aliiweka watu waione, kaiandikia "mambo ya mjini".

Kesho yake asubuhi, mume wangu akiwa baharini, nilichukua nyundo nikaenda kwenye choo.

Misumari ilikuwa bado mipya, ilitoka inalia. Jirani alikuwa wa kwanza kuja.

"Mwenzetu, kulikoni?"

"Nashusha bati."

"La choo? Ulifanyie nini?"

"Nikingie maji."

Akashika mdomo, akageuka akakimbia kuwaita wengine. Wakaja na vikapu vyao na watoto wao, wakasimama.

"Mtu wa bara anatunywesha maji ya choo!"

"Kwao Mtawanya ndivyo wanavyofanya?"

"Kwetu Mtawanya," nikawajibu kutoka juu ya ngazi, "choo kiko chini na bati liko juu. Ninyi mnajisaidia mmesimama ukutani?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na bado wakaenda kulisambaza.

Niliyasugua mabati yale kwa mchanga na majivu, nikayasugua kwa sabuni, nikayaosha kwa maji ya kisima, nikayaanika juani. Nikachimbia nguzo nne za mkoko wa mkandaa uani, mbili ndefu, mbili fupi, nikayalaza mabati kwa mshazari, nikayafunga kwa kamba za nyavu kuukuu. Mwisho wake nikaweka pipa la plastiki, mdomoni nikalifunga kipande cha kanga yangu nyeupe kichuje. Mvua ilipokuja niliiacha ya kwanza ipite, kama nilivyofundishwa na mwenyewe mama mkwe. Ya pili nikakinga kiganja. Yalikuwa matamu.

Mwanangu alikunywa kikombe, akaomba kingine. Baada ya siku chache akasimama, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu, akaanguka, akacheka. Nililia pale jikoni, nikasingizia moshi.

Mama mkwe akasema yeye hanywi maji ya choo. Akaendelea kuchota kwenye tangi. Sikumzuia. Tuliishi hivyo, nyumba moja maji mbali mbali, na tuliongea kwa kupitia mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." "Mwambie bibi chumvi iko pale pale." Mtoto hajui kusema hata "chumvi".

Kisha akaja mgeni. Kaka yake mama mkwe, mjomba wa mume wangu, mtu mzima, amevaa kanzu safi na kofia ya vito, ametoka Dimani kuja kumwona dada yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Alipoingia alitazama juu, akapiga makofi kwa kusifu.

"Dada, mmeendelea! Ndani kavu kama Dodoma."

Mama mkwe akajaa kiti kwa fahari. Kisha akanifuata jikoni. Alisimama nyuma yangu, akajifanya anapanga kuni, akasema bila kunitazama:

"Chai ya mgeni pikia maji ya mtoto."

Nilimgeukia. Nilitaka anitazame usoni arudie. Hakurudia, alitoka. Kumbe yule bibi alikuwa anajua. Alijua kwa mgeni, kwa mwanangu hakujua.

Nikapika chai ya tangawizi, nikapeleka. Mjomba akanywa, akafumba macho.

"Aah. Chai ya hapa tamu. Maji yenu laini sana, si kama ya kwetu."

Na mama mkwe, mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika birika, akajibu:

"Paa jipya hilo, kaka. Paa ndilo."

Niliuma ulimi mpaka nikahisi ladha. Mjomba akaongeza kikombe cha pili, akaongeza cha tatu, na chai ya tangawizi na mvua ya masika vikafanya kazi yake. Akainuka akauliza choo kiko upande gani. Nikamwonyesha. Akatoka chini ya mvua akipandisha kanzu, akafika, akasukuma mlango, akachungulia juu, akarudi mbio mpaka barazani, kofia ya vito imelowa chapa.

"Mkwe, choo hakina paa?"

"Lilikuwepo, mjomba."

"Limekwenda wapi?"

"Umelinywa."

Mama mkwe aliweka kikombe chini polepole sana. Mjomba alinitazama, akamtazama dada yake, akatazama kikombe. Nikachukua sinia kubwa la pilau ukutani nikampa.

"Jikinge na hili, mjomba," nikasema. "Kwa maana ya Kibiti."

Alilichukua. Angefanya nini, alikuwa amebanwa. Akaenda na sinia kichwani, mvua inalipigia ngoma.

Usidhani niliposema vile kitu kilibadilika. Paa halikuguswa. Mjomba aliondoka akiwa amenuna. Mume wangu aliporudi aliambiwa nimemdhalilisha mgeni, akaniuliza kwa nini sikutulia. Masika ikaisha. Pipa langu lilikuwa pipa tu, si tangi. Ukilichota mara mbili tatu unaona kina kimeshuka. Tangi limejaa mpaka juu, maji mengi kuliko mwaka wowote niliokaa pale, yanameta rangi zake nzuri, na hakuna mtoto wa kunyweshwa. Nilipiga hesabu ya kichwani ya kiangazi kizima na mabati mawili ya choo. Haikutosha. Nikafunga mzigo, nikambeba mwanangu, nikapanda boti. Nahodha safari hii hakunitania.

Nipo Mtawanya sasa. Kisima cha mama hakina chumvi, mkono wake umepona vibaya kidogo lakini anachota. Mwanangu anakimbia. Nilimwambia mume wangu siku ile bandarini: nitarudi nyumba ikiwa na upande mmoja wa bati safi na tangi lililosuguliwa, na si kabla. Watu wanasema nimevunja ndoa kwa sababu ya harufu ya rangi. Wanywe wao.

Juzi alipiga simu. Akauliza hali ya mtoto, akauliza hali ya mama, akazunguka zunguka. Kisha akasema, "Mama anasema harufu imepungua sana. Anasema urudi."

"Yeye bado anakunywa ya tangi?"

Akakohoa.

"Na wewe, unakunywa ya wapi?"

Akashusha sauti.

"Ya choo," akasema.

"Na mama?"

"Na mama."

"Choo mmekiezeka?"

"Bado."

Nikamwambia basi akazane kuyaezua ya ukumbini, nikakata simu.